Pima Kwanza, Ndipo Ushuke Gerezani

Mwenye gari wa Dar es Salaam ana bahati ambayo wenzake wengi wa mikoani hawana: spea iko jirani. Shuka Mnazi Mmoja, shika Mtaa wa Uhuru kuelekea Shaurimoyo na Gerezani, na muda si mrefu unarudi na plagi, koili, sensa, taimingi belti, hata injini nzima ya mtumba iliyotolewa kwenye gari la Japani na waya zake zikining'inia. Bahati hiyo hiyo ndiyo inayowamaliza watu hela. Gari likianza uzito asubuhi, kufika adhuhuri limeshabadilishiwa plagi, koili na pampu ya mafuta, na jioni bado linapanda flaiova ya TAZARA kwa kujivuta.

Makosa mawili yanachangia sana hasara ya namna hii, nayo yanafanana mno: taimingi iliyokaa vibaya na ekzosi iliyoziba. Yote mawili yanalifanya gari liwe zito, linywe mafuta, lipate joto kupita kiasi na kuzima kwenye foleni. Kibaya zaidi, moja huzaa jingine. Ukibadilisha spea kwa kubahatisha unaweza kuzunguka Kariakoo wiki nzima bila kugusa ugonjwa wenyewe. Lakini vipimo vya kuyatenganisha vipo, vingi havigharimu kitu, na mwenye gari anaweza kuvifanya au kuvisimamia mwenyewe.

Ijue injini uliyonayo

Ndani ya injini kuna shafti zinazopaswa kwenda sambamba. Kranki iko chini, inazungushwa na pistoni. Kamshafti iko juu kwenye hedi, inafungua na kufunga valvu. Kranki ikizunguka mara 2, kamshafti inazunguka mara 1, na kinachoziunganisha ni cheni au mkanda wenye meno. Jino moja tu likiruka, valvu zinafunguka nje ya wakati wake, hewa inarudi ilikotoka na kompresheni inashuka. Hiyo ni taimingi ya valvu. Ipo na ya pili, taimingi ya moto: plagi inachoma wakati pistoni iko wapi. Fundi akikwambia "taimingi imekaa vibaya," muulize anazungumzia ipi. Anayejua atakujibu papo hapo. Asiyejua atakimbilia kukutajia spea.

Fungua boneti usome namba ya injini yako. Kama unaendesha IST, Probox, Raum ya kisasa au Vitz ya cc 1500, uwezekano mkubwa ni 1NZ-FE, na hiyo inatumia cheni. Premio na Allion za cc 1800 zenye 1ZZ-FE ni cheni, na Passo ya cc 1000 yenye 1KR-FE ni cheni vilevile. Corolla na Carina za miaka ya 1990 zenye 4A-FE au 7A-FE zinatumia mkanda. Noah ya zamani na RAV4 ya toleo la kwanza, ambazo nyingi zina 3S-FE, ni mkanda. Hiace za dizeli zenye 3L au 5L ni mkanda, na Land Cruiser yenye 1HZ ni mkanda pia.

Tofauti hii ina uzito mkubwa. Mkanda wa 3S-FE au 4A-FE ukikatika barabarani, gari linazima tu. Ukifungwa mwingine, mara nyingi safari inaendelea. Mkanda wa 1HZ au 5L ukikatika, valvu zinagongana na pistoni na unafungua hedi. Cheni ya 1NZ-FE ikiruka vya kutosha, nayo inagonganisha. Kwa hiyo mwenye Hiace ya dizeli hana ruhusa ya kusubiri dalili. Kilomita 100,000 ndiyo hesabu inayotumika kwa mikanda mingi ya Toyota, na Land Cruiser nyingi zenye 1HZ zina taa maalumu kwenye dashibodi inayowaka umbali huo ukifika.

Tatizo ni kwamba odomita ya gari la mtumba unaweza usiiamini. Hapa kuna msaada ambao watu wengi wanauosha na kuutupa: kibandiko cha gereji ya Japani. Mkanda ukibadilishwa kule, mafundi wana desturi ya kubandika karatasi ndogo kwenye kava la mkanda, chini ya boneti au ubavuni mwa mlango wa dereva. Maandishi ni ya Kijapani, lakini tarakimu unazisoma: kilomita, na tarehe. Ukiona mwaka umeandikwa 22, huenda ni hesabu ya enzi ya Heisei. Jumlisha 1988 upate 2010. Enzi hiyo iliisha 2019. Kama kibandiko kinasema mkanda ulibadilishwa kwenye kilomita 98,000 na odomita leo inasoma 76,000, umeshajua mambo mawili kwa mpigo. Usikubali mtu aoshe injini kabla hujakitafuta kibandiko hicho na kukipiga picha.

Injini inayozungushwa na haiwaki

Sikiliza starta. Injini nzima inapozungushwa ina mapigo: inakaza, inaachia, inakaza, inaachia, kwa sababu kila silinda inabana hewa kwa zamu. Mkanda ukikatika, mapigo yanapotea. Starta inazungusha kwa wepesi, mlio mmoja ulionyooka. Ukisikia hivyo, acha kupiga funguo. Fungua kifuniko cha kujazia oili, angaza ndani kwa tochi ya simu, kisha mwambie mtu apige starta sekunde 2 tu. Kwenye injini nyingi utaona sehemu ya kamshafti au mnyororo wake. Isipozunguka wakati kranki inazunguka, mkanda au cheni imekatika, na mtu wa kukushauri ununue pampu ya mafuta hana nafasi tena. Kama kava la mkanda linafunguka kirahisi kwa juu, ni bora zaidi: tazama mkanda wenyewe, meno yaliyolika, nyufa, na oili iliyoulowanisha. Mkanda uliolowa oili hauna maisha, hata ukiwa mpya. Tafuta sili inayovuja kwanza.

Kama injini inazima ikipata moto na kuwaka vizuri ikipoa, usikimbilie mkanda. Hiyo ni tabia ya sensa ya kranki inayokufa kwa joto, na joto la foleni ya Msimbazi saa nane mchana linatosha kuizimisha. Mwagia sensa maji kidogo, maji safi, gari likiwa limezima. Likiwaka mara baada ya hapo, umepata pa kuanzia.

Cheni na oili yake

Watu wamezoea kusema cheni haibadilishwi. Si kweli. Cheni inarefuka, na inarefuka haraka zaidi pale ambapo oili imeachwa. Tenshena ya cheni kwenye 1NZ-FE inasukumwa na presha ya oili. Oili ikipungua au ikiwa nzito kama lami, tenshena inalegea na cheni inapiga kando. Dalili yake ni mkwaruzo wa chuma unaosikika ukiwasha gari asubuhi, upande wa injini wenye kava la cheni. Ukidumu sekunde 1 au 2 kisha ukatulia, fuatilia oili. Ukiendelea hata injini ikiwa ya moto, cheni, tenshena na miongozo yake vinahitaji kuonwa na macho ya mtu.

Dereva wa Dar ajihesabie kwa saa pia, si kilomita peke yake. Gari linalotoka Mbagala mpaka Posta linaweza kutumia muda mwingi limesimama linanguruma kuliko linavyotembea, na oili inachoka muda wote huo ilhali odomita haiongezeki. Kwa mtu wa foleni, kilomita 5,000 ni mwisho. 1NZ-FE inameza lita zipatazo 3.7 pamoja na filta; kwa oili kidogo hivyo, kupungukiwa lita moja ni kupungukiwa zaidi ya robo. Chomoa kijiti kila Jumamosi, uangalie.

Oili chafu inaharibu na kitu kingine. Injini nyingi za Toyota zilizotengenezwa kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 zina VVT-i, mfumo unaosogeza kamshafti mbele na nyuma kwa kutumia oili ili taimingi ya valvu ibadilike na mwendo. Oili inapitia kwenye valvu ndogo ya umeme yenye chujio jembamba. Uchafu ukiziba hapo, gari linatetemeka likiwa limesimama, linakosa nguvu ukikanyaga, na mashine ya kupimia inaleta P0011, P0012 au, kwenye Toyota za mwanzoni, P1349. Ukiona namba hizo, safisha chujio na valvu hiyo, weka oili nzuri, futa kodi hizo za hitilafu, kisha pima tena. Ni kazi ya muda mfupi. P0016 ni habari nyingine: inasema kranki na kamshafti hazikubaliani. Hapo cheni inashukiwa kweli, ingawa hata kwa kodi hiyo oili huangaliwa kwanza.

Kuhusu mashine zenyewe: kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu kinafaa, ila Toyota za soko la Japani za kabla ya mwaka 2008 hivi nyingine haziongei nacho. Kikikataa, usione gari limekufa kompyuta. Tafuta fundi umeme mwenye mashine inayoijua Toyota. Na kabla ya yote, washa swichi bila kuwasha injini uone kama taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Lazima iwake, kisha izime injini ikiwaka. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameitoa taa au kuizima kusudi, na kama unakagua gari la kununua, ondoka hapo.

Moto wa plagi: nani anaweza kuurekebisha kwa mkono

Mtu akikwambia ataseti moto wa IST yako kwa kuzungusha kitu, anakudanganya. 1NZ-FE ina koili moja juu ya kila plagi, na kompyuta ndiyo inayoamua wakati wa kuchoma kwa kusoma sensa. Hakuna cha kuzungusha.

Injini zenye distribyuta, kama 4A-FE na 3S-FE, zinasetiwa kwa mkono, na zina utaratibu wake. Injini iwe ya moto. Fungua kiboksi kidogo cha vipimo kilicho chini ya boneti, unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha elekeza taa ya taimingi kwenye puli ya kranki. Alama isome digrii 10 kabla ya kilele. Waya wa TE1 na E1 ndio unaoiambia kompyuta isijichezee taimingi wakati wa kupima. Fundi akiseti bila huo, anaseti hewa. Wengi wanazungusha distribyuta kwa sikio, mpaka mlio "uwe mtamu." Moto uliowekwa mapema mno unafanya injini igonge ikipanda mlima, na kugonga kunatoboa pistoni. Moto uliochelewa unamalizia kuungua ndani ya ekzosi: manifoldi inakuwa nyekundu, gari linachemsha, mafuta yanaisha, na masega, lile kasha la kusafisha moshi, yanaanza kuungua. Hapo ndipo taimingi inapozaa ugonjwa wa ekzosi.

Kabla ya kugusa distribyuta kwa sababu injini inagonga, kumbuka ulijaza mafuta wapi. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa inagonga hata kama taimingi iko sawasawa. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, ilianza kuweka alama kwenye mafuta mwaka 2010 ili kunasa uchakachuaji, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipungue. Hali imekuwa bora sana, lakini kama kugonga kulianza siku ile ile uliyojaza tenki, maliza mafuta hayo taratibu, jaza kituo kingine, kisha sikiliza.

Waliofunga mfumo wa gesi asilia wana jambo lao. Gesi inaungua polepole kuliko petroli, hivyo inataka plagi ichome mapema zaidi, na inataka umeme wenye nguvu kuivuka plagi. Gari lililokuwa zuri kwenye petroli likimisi kwenye gesi, anza na plagi na koili, kisha uliza kama mfumo wako una kifaa cha kusogeza moto mbele. Chuo cha DIT, pale karibu na Mnazi Mmoja, ni miongoni mwa waliojenga ujuzi wa kubadili magari kwenda gesi hapa nchini. Ukiwa na shaka na ufungaji wa mtaani, hapo ni pa kuuliza.

Kompresheni haisemi uongo

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na ndicho kinachorukwa sana gereji za mitaani. Toa plagi zote, zima mafuta na moto, funga geji kwenye silinda moja moja, kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini na upige starta. Andika namba kwenye karatasi. Kwa 1NZ-FE, kitabu cha Toyota kinataja psi 213 kwa injini nzima na psi 156 kama kiwango cha chini kinachovumilika, na silinda zisipishane zaidi ya psi 14 hivi.

Soma namba hizo kwa pamoja. Silinda zote zikiwa chini kwa kulingana, mathalani 130, 128, 132, 130, shuku taimingi ya valvu: ni vigumu silinda zote kuchakaa kwa kiwango kimoja, ila cheni ikiruka inaziathiri zote sawa. Silinda moja au mbili zikiwa chini na nyingine nzuri, hilo ni la valvu, ringi au gasketi ya hedi. Ongeza kijiko cha oili kwenye silinda mbovu upime tena. Ikipanda, ni ringi. Zote zikiwa nzuri na gari bado zito, acha injini. Nenda nyuma, kwenye ekzosi.

Ekzosi iliyoziba

Injini isiyoweza kutoa moshi haiwezi kuvuta hewa. Dereva wa gari lenye ekzosi iliyoziba atakwambia linawaka vizuri, linatulia vizuri, lakini ukifika spidi fulani linagoma, kana kwamba limeshikwa nyuma. Ukisubiri lipoe, linapata nafuu kidogo.

Weka kiganja karibu na mdomo wa bomba, bila kuligusa, mwenzako akikanyaga resi kidogo. Moshi utoke kwa msukumo unaoongezeka na resi. Ukiwa dhaifu huku injini ikilia, kuna kizuizi au tundu kubwa njiani. Kipimo cha uhakika zaidi ni geji ya kupima mvuto wa hewa, inayochomekwa kwenye bomba la manifoldi ya kuingizia hewa. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, kwa hiyo injini nzima ikinguruma taratibu inasoma kati ya inchi 17 na 22 za zebaki, sindano imetulia. Gari hilo hilo ukilipima Mbeya, iliyo juu mita 1,700 hivi, usomaji utashuka kwa inchi 5 au 6 bila ugonjwa wowote, kwa hiyo usitumie namba za Dar kule. Sindano ikikaa chini lakini imetulia, taimingi imechelewa. Ikianza vizuri, kisha ukashikilia resi 2,500 nayo ikateremka polepole mpaka ikaishia chini, ekzosi imeziba. Geji moja inatenganisha magonjwa yote mawili, na bei yake si kubwa.

Huna geji? Fungua sensa ya oksijeni ya mbele, ile iliyo kabla ya masega, injini ikiwa imepoa. Washa, endesha mwendo mfupi. Kelele zitakuwa kubwa na taa ya injini itawaka, lakini kama nguvu zimerudi ghafla, masega au mafla yameziba. Hakikisha tundu halielekei kwenye waya wala bomba la mafuta, na usiendeshe hivyo zaidi ya dakika chache.

Sasa masega. Ni lile kasha lenye vitundu vingi ndani, kazi yake kugeuza sumu za moshi ziwe hewa isiyodhuru sana. Kuna mazoea ya kuyatoa kila gari linapoguswa chini, kwa maelezo kwamba mafuta yetu yanayaziba. Risasi ndiyo iliyokuwa ikiyaua kweli, na iliondolewa kwenye petroli ya nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006. Leo kinachoyaua zaidi ni injini yenyewe: plagi inayomisi inayapelekea petroli mbichi inayowakia mle ndani mpaka yanayeyuka, na oili inayoungua inayapaka masizi. Ukiyatoa bila kutibu kumisi, umeondoa shahidi tu. Ukiweka mengine bila kutibu, nayo yatakufa.

Na ufahamu hili vizuri: ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu. Yana soko. Fundi anayekuambia "yameziba, tuyatoe tu," bila kupima, huenda anakusaidia na huenda anajilipa mara mbili. Mwambie akuonyeshe kipimo. Yakitolewa, yaangalie mbele ya mwanga: yaliyoyeyuka yanaonekana, vitundu vimefumba na kubonyea. Kama mwanga unapita vitundu vyote, yalikuwa mazima. Vyovyote iwavyo, chukua masega yako uondoke nayo. Ni mali yako.

Tundu, kutu na maji ya Jangwani

Mlio wa "tak tak tak" unaofuata resi, mkali asubuhi na unaofifia injini ikipata moto, mara nyingi ni gasketi ya manifoldi ya ekzosi au ufa kwenye manifoldi yenyewe. Chuma kikipanuka kwa joto, ufa unajibana. Watu wanaufungulia hedi mlio huu wakidhani ni valvu. Chukua kitambaa kinene kilicholowa maji, vaa glovu, ziba mdomo wa bomba kwa sekunde chache gari likinguruma. Mfumo usio na tundu utaifanya injini ilemewe. Ukisikia hewa ikifoka chini ya gari, fuata sauti. Pale penye masizi meusi kwenye maungio ndipo penye tundu.

Maji yanayodondoka bombani asubuhi yasikutishe. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa karibu lita moja ya maji, na sehemu yake inatua kwenye mafla. Kwa gari la safari fupi, Upanga mpaka Kariakoo na kurudi, mafla halipati moto wa kutosha kuyakausha, nalo linaoza kutoka ndani. Hewa ya chumvi inamalizia kwa nje. Tundu likiwa dogo na chuma kinachozunguka bado kigumu, kuchomelea kunafaa. Chuma kikiwa kama biskuti, nunua kipande kingine. Matuta nayo yanakata raba za kuning'iniza bomba. Raba ikikatika, uzito wote unahamia kwenye maungio ya mbele na kupasua lile bomba laini la kusukwa. Raba ni bei ya chai na maandazi; ibadilishe mapema.

Mvua zikinyesha na Bonde la Msimbazi likajaa, usijaribu Jangwani. Gari likizimikia kwenye maji, usipige starta hata mara moja, maana maji yakishaingia silinda hayabaniki na kinachopinda ni fimbo ya pistoni. Livute, toa plagi zote, ndipo uzungushe. Kama gari lako ni la mkanda, fungua kava lake uoshe tope na mchanga kabla ya kuwasha.

Moshi unaoingia ndani

Nimeliweka hili mwisho kwa kuwa linaua. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Tundu la ekzosi chini ya sakafu iliyotoboka linaipandisha kwenye viti vya nyuma. Abiria wako wakilalamika kichwa, kichefuchefu na usingizi usio wa kawaida kwenye safari, na wakipata nafuu wakishuka, usiwape dawa ya maumivu mkaendelea. Peleka gari likaguliwe chini. Usilale ndani ya gari linalonguruma eti kiyoyozi kifanye kazi, hasa kwenye uwanja wenye kuta au maegesho ya chini ya ghorofa.

Na wewe unayenunua mzigo Kariakoo: umeshaona Noah imejazwa mabalo mpaka mlango wa nyuma haufungi, wameufunga kwa kamba ukiwa umeinuka, na kijana amekaa ndani akishikilia mzigo usianguke. Gari likitembea, hewa ya nyuma inazungushwa na kuingia pale pale penye uwazi, na bomba la ekzosi liko chini yake. Kijana yule anavuta moshi toka Mtaa wa Kongo mpaka Gongo la Mboto. Kama mlango haufungi, mzigo umezidi gari. Punguza, au kodi pikapu ya Kirikuu.